Jua Lilipohama Dirishani Kwangu

Naishi chumba kimoja mtaani Umoja, Nairobi, orofa ya tatu. Dirisha ni moja tu, linatazama kaskazini, na mlango unafungukia kwenye baraza ya pamoja upande wa kusini. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyonisumbua zaidi ya mbegu na mbolea nilipoanza kukuza dhania na mnanaa ndani ya nyumba.

Nilianza mwezi wa tano mwaka jana, baada ya kuona kwa macho yangu mboga zikinyweshwa maji taka kando ya mto. Jioni ile kachumbari haikunipita kooni. Dhania huliwa mbichi, haipiti motoni, nami nikataka kuila nikijua imekunywa maji gani.

Nilichukua mitungi ya mafuta ya kupikia ya lita 5, nikaikata ubavuni, nikatoboa matundu chini kwa msumari wa moto. Udongo wetu mwekundu ukiwa peke yake kwenye chombo hushikana kama tofali, kwa hiyo nilichanganya makopo mawili ya udongo, moja la mchanga na moja la samadi ya mbuzi. Samadi iwe imeoza kabisa, imekuwa nyeusi na haina harufu, maana unalala nayo chumba kimoja.

Mbegu za agroveti, duka la pembejeo za kilimo, nilizipata zimepakwa dawa ya kuvu, rangi ya waridi. Nikaziacha, nikanunua dhania nzima kwa muuza viungo. Kila punje ni mbegu mbili zilizokumbatiana. Nilizibingirishia chupa polepole mpaka zikaachana, nikaziloweka usiku kucha, nikapanda palepale zitakapokulia, kwa kuwa mzizi wa dhania ni mrefu na hautaki kuhamishwa. Siku ya 10 nikaona migongo ya kijani ikiinua udongo. Mnanaa haukunipa kazi: nilikata vijiti chini kidogo ya kifundo, nikavitia kwenye glasi ya maji, na kabla ya wiki mbili vikawa na mizizi.

Hata baridi ya Julai mimea iliivumilia. Lakini kufikia Desemba dhania ilikuwa imerefuka kama uzi, imepauka, inalalia dirisha. Nikaongeza samadi. Nikaongeza maji. Vikaja vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka juu ya udongo, na mizizi ikaanza kuoza. Hilo ndilo lililoniumiza: Januari nje jua linachoma, watu wanatafuta vivuli, na ndani kwangu mmea unakufa kwa kukosa mwanga.

Aliyenifumbua macho ni mama mboga wa pale chini, ambaye sote humwita shosho, yaani bibi.

“Shosho, dhania yangu ina ugonjwa gani?” nilimuuliza.

“Si ugonjwa, mjukuu wangu. Jua limehama. Huoni hata mimi turubai nimeihamishia upande ule mwingine, nyanya zisiungue?”

Nikatazama kibanda chake, nikaona kweli. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, digrii moja na ushei. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua hupita upande wetu wa kaskazini, kisha huhamia kusini. Dirisha langu hupata jua nusu mwaka tu, na miezi ile mikavu ya Januari na Februari, iliyo na jua zuri kuliko yote, huikosa kabisa.

Tangu siku hiyo nikawa napiga mstari wa chaki sakafuni saa nne asubuhi, kila Jumamosi. Februari hapakuwa na cha kupigia mstari. Mwishoni mwa Machi mwale mwembamba ukaonekana kwenye kizingiti cha dirisha. Juni ukafika mguu wa kitanda.

Sasa mitungi ina makao mawili. Jua likiwa kaskazini, hukaa dirishani. Likihamia kusini, naitundika kwa waya kwenye vyuma vya baraza, mahali mikono ya watoto haifiki, baada ya kumwomba ruhusa msimamizi wa ploti. Mnanaa pekee hubaki ndani, unastahimili kivuli.

Maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, kwa hiyo mimea hunywa maji niliyosuzia mchele na mboga, na sitii tone kabla ya kuchovya kidole na kukuta udongo umekauka hadi kiungo cha kwanza. Vijinzi viliisha kwa kukauka huko tu. Vidukari vikija chini ya majani, navifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya kipande, kisha nasuuza.

Mtungi mmoja sikuuvuna. Umetoa maua meupe madogo, nyuki wanaufuata hadi orofa ya tatu, na punje za kwanza zimeanza kugeuka rangi ya kahawia. Hizo ndizo nitakazopanda mara hii.