Leseni ya mnara si ya gari

Mjomba kila tukikutana Shella, hapa Malindi: "Wewe si una leseni ya kuongoza ndege kutoka mnarani? Dubai unangoja nini?"

Leseni ni nusu tu, mjomba. Ruhusa ya kuongoza ndege imefungwa kwenye mnara wenyewe: ya Malindi haitumiki Dubai. Mimi nazijua njia za hapa, na kusi inavyosukuma Cessna ndogo ikitua. Huko ni anga nyingine: nitakaa chini ya mwalimu, nipimwe upya, uzoefu wangu wote nikauweke kando. Kiingereza, ICAO, shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, inataka angalau kiwango cha 4. Hilo halinisumbui.

Linalonisumbua ni hili: ukikaa zaidi ya miezi 6 bila kuongoza ndege, ruhusa inakufa. Kwa hiyo barua ya kuacha kazi siandiki mpaka mkataba wa Dubai niushike mkononi.