Nimevuka Jangwani kwa mkokoteni

Mwanza mpaka Dar sina cha kusimulia, basi la usiku, kiti hakilali, jirani anakoroma, chipsi za njiani bei kama ya kuku mzima. Stori yangu inaanzia Magomeni.

Asubuhi nimeshuka Mbezi nikapanda mwendokasi kwenda Kariakoo kuchukua vioo vya simu vya dukani kwangu, hela ya mzigo nimeificha kwenye soksi. Kufika Magomeni tukaambiwa tushuke wote, Jangwani hakupitiki. Naangalia juu, jua linawaka, hamna hata wingu, nikasema hapa nshapigwa. Kusogea mbele kwa miguu ndo nikaona barabara ya Morogoro imekuwa ziwa. Na mimi ni mtu wa ziwa, ila la kwetu halina rangi ya chai ya maziwa wala halielei magodoro. Halafu eti panaitwa Jangwani, aliyepapa jina nadhani alipita kiangazi.

Sasa vijana wa pale mafuriko wameshayafanya ajira. Mkokoteni, buku mbili kwa kichwa, unapanda umesimama viatu mkononi. Tulipanda watu 6 pamoja na mama mmoja mwenye ndoo ya vitumbua. Tumefika katikati ya maji mkokoteni ukagoma. Nikadhani gurudumu limeingia shimoni, kumbe biashara: "Wakuu, huku kina kirefu, ongezeni buku buku." Nikabisha, nikaongea sana, nikataja mpaka Mungu. Kijana akanijibu kwa upole kabisa, "Kaka, kama unaona ghali unaweza kushukia hapa hapa." Wenzangu wote wakacheka, na mimi mwenyewe nikacheka huku natoa, soksi yenyewe ishaanza kulowa. Mimi ni Simba, Wekundu wa Msimbazi, miaka yote nawacheka watani Yanga klabu yao ya hapo Jangwani kujaa tope, siku hiyo Mto Msimbazi wenye jina letu ndo ulinikomesha.

Yule mama hakuongezewa hata mia, wanamjua. Nikamuuliza, mama, hii mvua imenyesha saa ngapi mbona huku kukavu? Akanionyesha kwa kidevu huko juu. "Mvua ya hapa haina neno mwanangu. Ikinyesha Pugu na Kisarawe, ndo sisi tunapandisha godoro." Msimbazi unatokea huko, unapita Vingunguti, unapita Kigogo, unabeba mchanga na chupa na kila tulichotupa, unakuja kuvimwaga hapa bondeni kabla haujatoka baharini pale Salender. Mto umejaa mchanga, kwa hiyo maji yanapanda barabarani tu, yaende wapi.

Mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyoua watu wengi, yalimkuta humo humo bondeni. Akapewa kiwanja Mabwepande, akaenda, akarudi. "Mabwepande maji hayafiki, na wateja hawafiki. Nauli ya kuja mjini inakula ndoo nzima." Sasa amepanga chumba Kigogo, kitanda kiko juu ya matofali manne kila mguu.

Hayo matofali yamenikaa kichwani kuliko hata elfu tatu yangu. Najua kuna mradi wa bonde la Msimbazi, mkopo wa Benki ya Dunia wa 2022, dola milioni 200, daraja la juu lijengwe, watu walipwe wahame, bonde lifanywe bustani, na karakana ya mwendokasi waliyoijenga humo humo kwenye maji (sijui walikuwa wanawaza nini) ihamishwe. Naunga mkono, maji yapewe njia yake. Ila huyu mama ukimpeleka tena mbali na wateja wake, keshokutwa yuko Kigogo na ndoo.

Kariakoo nilimaliza kwa saa mbili, usiku nikageuza.

Kwetu tunajidai tuna mawe, mafuriko ni mambo ya Dar. Lakini nyumba zimepanda mlimani mpaka zimekaa juu ya mawe, mvua ikinyesha maji hayana pa kuzama, yanashuka na mifuko ya taka moja kwa moja Mto Mirongo, na duka langu liko hatua chache kutoka mtoni. Miaka mitatu nyuma maji yalifika kizingitini, nikafuta nikasahau.

Juzi nimenunua matofali nane, nimepandisha rafu ya vioo. Fundi wangu ananicheka, anasema bosi tangu urudi Dar umekuwa mwoga, halafu anakunja karatasi ya chipsi anairushia mtoni.