Nilichokuwa nikila watu wakishalala

Mama yangu anaishi na kisukari tangu nikiwa kidato cha pili, na kwa miaka mingi hofu yangu kubwa imekuwa ni kuurithi ugonjwa huo. Hofu hiyo ndiyo iliyoniharibia ulaji. Nilijiaminisha kwamba nikijinyima chakula nitasalimika, kwa hiyo nilitoka nyumbani Mbagala alfajiri bila kutia kitu tumboni, nikashinda kazini Posta kwa vikombe viwili vitatu vya chai ya rangi yenye sukari, na wenzangu waliponiita twende kwa mama ntilie niliwajibu kwamba nimeshiba.

Saa nne usiku, watoto wakishalala, nilisimama jikoni gizani nikiwa na sufuria ya wali uliopoa, nikala kwa mwiko. Nilikomba hadi ukoko, nikamaliza mchuzi, nikafuatisha chapati mbili zilizowekwa kwa ajili ya asubuhi, kisha soda, ilhali tumbo lilikuwa limejaa kiasi cha kupumua kwa shida. Nilipomaliza niliiosha sufuria na kuirudisha mahali pake ili nisiulizwe. Kesho yake aibu ilinifanya nijinyime zaidi, na usiku ukaja na njaa kubwa kuliko ya jana.

Nilipopima sukari kabla ya kula, kipimo kilisoma milimoli 6.4 kwa lita. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 7.0, kikithibitishwa kwa kipimo kingine, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 mtu hajaugua bado, lakini yumo njiani. Mhudumu aliyenipokea aliniambia niache wanga na niwe na nidhamu. Nilimtii, na wiki ile nilikula usiku kuliko wakati wowote, kwa sababu aliniagiza kuongeza kujinyima kule kule kulikokuwa kunaniumiza.

Ni muuguzi wa kituo kingine aliyeniuliza, "Dada, huwa unakula saa ngapi, na unakula na nani?" Nililia kabla sijajibu. Alinieleza kwamba usiku mwili hauimudu sukari kama unavyoimudu asubuhi, na kwamba mlo mkubwa wa mkupuo mmoja hulilazimu kongosho kutoa kwa pamoja insulini nyingi, homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli. Hali hiyo ikidumu, na mafuta yakazidi tumboni na kwenye ini, seli huwa sugu kwa insulini, sukari ikabaki kwenye damu. Soda yangu ya mililita 350 peke yake ilikuwa na sukari ya gramu 35 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni bora sukari ya kuongezwa kwenye vyakula na vinywaji isifike gramu 25 hivi kwa siku nzima.

Lililonigusa zaidi ni kwamba kula kupita kiasi, kwa siri na bila kuweza kujizuia, ni maradhi yenye jina na tiba. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliyapa nafasi yake rasmi katika mwongozo wake wa mwaka 2013. Mimi nilikuwa nikiyaita ulafi, na nadhani wengi wetu huyaita hivyo, ndiyo maana hatuyasemi kwa daktari.

Sasa nakunywa uji wa ulezi kabla ya kutoka, na mchana nafungua hotpoti yangu ya wali, maharage na mchicha saa saba kamili, saa ambayo mama naye hula kwa sababu ya dawa zake. Wakati mwingine tunapigiana simu tukiwa tunakula. Kipimo cha mwisho kilisoma 5.9. Jumatano iliyopita usiku nilijikuta tena jikoni. Niliwasha taa, nikapakua wali kwenye sahani, nikaketi.