Kitenge Tepeyac

Jana kitindamimba wangu aliikazia macho picha ya Bikira Maria wa Guadalupe pale sebuleni, akaniuliza, "Mama, mbona huyu hajampakata Yesu?" Nikamwonyesha mshipi mweusi uliofungwa juu ya tumbo: huyu ni mjamzito. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi mawazo yakabaki Mexico City, tulikokwenda mimi na mume wangu.

Katikati ya jiji tulikuwa tumeshakuzunguka. Tuliliona Kanisa Kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1573 likamalizika 1813, nalo linadidimia kwa sababu limekaa juu ya tope la ziwa la kale. Ubavuni mwake kuna magofu ya Templo Mayor, hekalu la Waazteki, wenyeji wa kale wa pale, lililobomolewa baada ya Wahispania kuuteka mji mwaka 1521. Ila mimi nilikuwa nimefuata kilima cha Tepeyac, ambako Juan Diego, mwenyeji wa nchi ile, anasimuliwa kutokewa na Bikira huyu wa Guadalupe mwaka 1531.

Uwanja wa basilika yake, chini ya kilima, ulifurika watu. Mbele yangu mama mmoja wa makamo alikuwa akitembea kwa magoti. Kijana, nadhani mwanawe, alimtandikia blanketi. Mama akishapita, analiokota, anakimbia kulitandika tena mbele. Sakafu ilikuwa ya moto kwa jua. Mama hatazami huku wala huku, midomo inacheza, rozari kaizungusha kiganjani. Mara kijana akachelewa. Goti likagusa sakafu tupu, na mama akaendelea tu.

Sikuweza kusimama nikitazama. Nilivua kitenge changu mabegani nikakitandaza mbele yake. Kijana akaniitikia kwa kichwa, na tangu hapo tukawa tunapokezana: blanketi, kitenge, blanketi, kitenge, mpaka mlangoni. Hatukusemezana lolote.

Ndani ya basilika hii mpya, iliyofunguliwa 1976, joho la Juan Diego lenye ile sura ya Bikira, ndiyo ya picha yetu ya sebuleni, limetundikwa ukutani, na chini yake mikanda inayotembea inawapitisha mahujaji. Unaanza "Salamu Maria", hujafika "amina" umeshapitishwa. Nikazunguka, nikapanda tena, na tena.

Niliporudi nyumbani padre mmoja aliniambia magoti yaliyochubuka hayamwongezei Mungu kitu. Kwa mafundisho, sina la kumbishia. Lakini watu wa mama yule walibomolewa mahekalu, wakaletewa dini nyuma ya upanga, kisha ndani ya dini hiyohiyo wakampata Mama mwenye rangi yao. Huenda anapomwendea kwa magoti kuna jambo baina yao ambalo mimi na padre wangu halituhusu.

Mume wangu, aliyekuwa nyuma yetu na mizigo, anashikilia kwamba ile ilikuwa nadhiri ya mgonjwa. Mimi nasema ilikuwa shukrani. Tumebishana tena jana usiku.