Pilau ilipoa kwa ajili ya ndege

Leo mchana nilikuwa kwa mjomba hapa Fort Worth, Texas, mji ambao ndege za kivita aina ya F-35 huundwa, na pilau ilitupoea mezani kwa sababu ya mabishano kama ndege hizo zina thamani ya pesa zake.

Mjomba, ambaye ni fundi wa magari, alishikilia kwamba bei ya kununulia si hoja. F-35A moja, toleo la kawaida la ndege hiyo, iligharimu takriban dola milioni 80 mwaka 2023, lakini kuitunza ndiko kunakokausha hazina. Wakaguzi wa serikali ya Marekani walieleza kwamba, kufikia Machi 2023, ni takriban asilimia 55 tu ya ndege hizo zilizokuwa tayari kwa kazi.

“Gari linaloshinda gereji nusu ya mwezi,” aliniuliza, “wewe utaliita zima?”

Nilimjibu kwamba anaipima ndege kwa mizani ya gari. F-16, ndege ya kivita ya zamani, huishinda kwa kasi, hilo silikatai, lakini F-35 iliundwa ili isionekane kwa urahisi kwenye rada na ili rubani wake amwone adui kabla hajaonwa.

Hapo ndipo moja ikapita juu ya paa.

Vijiko vilitetemeka vikombeni. Mkaza mjomba alimziba mtoto masikio. Mjomba alinyoosha kidole juu huku midomo ikiendelea kusema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, na mpaka sasa sijui kama alikuwa akinipinga au akinikubalia.

Ndugu zangu, kwa bei hiyo, nyinyi mngeinunua?