Mpira ulivyokuwa ukinikimbia nikikata ndani

Nacheza winga ya kulia na mbio ninazo. Tatizo lilikuwa kukata ndani, yaani kutoka pembeni kuelekea katikati ya uwanja: nikigeuka ghafla, mpira unaendelea na safari yake, beki anauokota kama embe la kudondoka.

Dawa ilikuwa kwenye hatua za kabla ya kugeuka. Sasa nikimkaribia beki nafupisha hatua, nakunja magoti, nashusha kiuno, na mguso wa mwisho unakuwa mdogo sana, mpira usinipite hata nusu mita. Hapo nakita mguu wa kulia pembeni, nausukuma mpira kwa upande wa nje wa kushoto, kisha natoka kwa kasi. Arjen Robben, winga Mholanzi, alikata hivyo miaka yote akiwa Bayern Munich. Mabeki walijua na bado aliwapita.

Mazoezini napanga ndala zigizaga, mita mbili mbili. Naanza kwa kutembea na mpira, naongeza kasi pale tu mguso unapotulia. Uwanja wetu ni wa changarawe, kwa hiyo njumu za meno marefu niliziacha. Raba zenye meno mafupi hazitelezi sana nikikita mguu.

Kukata kwenda kulia bado kunanisumbua.