Nyomi ilikwenda wapi?

Mwanza, Jumapili, Novemba 8, 2015

Tangu Alhamisi ya Oktoba 29, matokeo ya urais yalipotangazwa, swali linalozunguka hapa soko la Mwaloni Kirumba ni moja tu: wale watu wote wa mikutano ya Lowassa walikwenda wapi? Wanaouliza ni waliompigia Lowassa, au waliotaka kumpigia, au waliozungusha mikono barabarani, ishara ya mabadiliko, bila hata kadi ya mpiga kura mfukoni. Nyomi ya siku Lowassa alipokuja Mwanza kila mtu anayo kwenye simu. Imepigwa kutoka juu, vichwa vimejaa mpaka ukingo wa picha. Sasa Jaji Lubuva, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, ameshasoma: Magufuli wa CCM kura 8,882,935, asilimia 58.46, Lowassa wa CHADEMA 6,072,848, asilimia 39.97. Watu wanairudia ile picha, wanaivuta kwa vidole, kana kwamba kura zilizopungua wataziokota humo.

Mimi nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa, karibu na dagaa wanapopakiwa. Kwa kazi hii huwezi kuwa na chama. Anayeweka ana chake, anayetoa ana chake, na floti ni ileile. Kwa hiyo nasikia ya pande zote, kuliko ninavyopenda.

Siku ya kutangazwa redio ilikuwa kwa fundi cherehani wa jirani. Nilitegemea kelele. Zilikuja baadaye, honi za magari upande wa mjini. Hapa kwetu watu walitazamana kwanza, kila mmoja akipima mwenzake amekaaje. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye wenzake wote humwita Kamanda, kama watu wa CHADEMA wanavyoitana, alifungua kamba ya bendera ya CHADEMA kwenye kioo cha pikipiki, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akainua siti na kuiweka chini yake pamoja na spana. Halafu akauliza kama kuna anayekwenda Pasiansi.

Kuna mama mmoja wa dagaa, kada wa CCM tangu mimi niko shule. Yeye ndiye alikuwa mshindi siku hiyo. Lakini tisheti yake ya kijani alikuwa ameifunika kwa kitenge mpaka shingoni, na jua lilivyokuwa kali. Nikamwambia, "Shikamoo mama, na hongera." Akaitikia, akasogea dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Asante mwanangu. Ila wanaonidai na ninaowadai hapa wote ni makamanda. Ngoja kwanza wanilipe."

Nimecheka, lakini nimelifikiria sana jambo hilo. Aliyeshinda amejifunika, aliyeshindwa amekunja bendera, na wote wawili wanauliziana bei ya gunia. Magazeti yanasema nchi imetulia. Mimi nadhani watu wana biashara.

Turudi kwenye nyomi. Nimewasikiliza wanaosema kura zimeibwa na wanaosema zimepigwa kweli, na ninachoona kutoka kibandani ni kwamba sehemu kubwa ya nyomi haikuwa na kura ya kupiga mahali iliposimama. Mwaka huu tuliandikishwa upya kwa BVR, mashine za alama za vidole. Mashine zilikuja kata kwa kata, zikakaa siku chache, zikahama. Mvuvi aliyekuwa Ukara wakati mashine ziko Kirumba hakuandikwa. Aliyeandikwa Ukara, halafu Oktoba 25 ikamkuta Mwanza anauza mzigo, kura yake ilibaki Ukara, maana unapiga ulikojiandikisha. Vijana wa ziwani hawakai mahali pamoja. Wanafuata samaki na mwezi. Kamanda mwenyewe, nilipombana, alikiri kwamba kadi yake ni ya Bunda kwa mama yake, na nauli ya kwenda Bunda hakuwa nayo. Aliwasha pikipiki kampeni nzima, akachoma mafuta ya watu wengine, na siku yenyewe hakupiga. Wengine kwenye ile picha nawafahamu kwa majina, na wana miaka kumi na sita.

Halafu kuna wasiokuja kwenye mikutano kabisa. Nyomi hupigwa picha mjini. Nani anakwenda kumpiga picha mama wa Kwimba anayefunga mlango alfajiri, anapanga foleni, anapiga, anarudi kuchota maji bila kumwambia hata mumewe? Baba yangu ni wa aina hiyo. Yuko Sengerema, ng'ambo ya kivuko, na mwaka huu hakuhudhuria mkutano hata wa mwenyekiti wa kijiji. Nilipompigia simu Agosti kumuuliza anaonaje, alisema kuhusu Magufuli, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, "Huyu wa Chato ni mtoto wa hapa, barabara zake tunazipita." Nikamwambia hiyo si hoja, baba. Akanijibu na swali: Lowassa si ndiye aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, na si hawahawa CHADEMA waliotufundisha kumwita fisadi? Sasa kati ya Julai na Agosti amesafishwa na nani?

Sikuwa na jibu. Dk. Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, naye nadhani hakuwa nalo, maana aliondoka. Profesa Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF. Mjini tuliona ni mambo ya wakubwa, UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, imepata jina zito, twende. Kule kwa baba wanakumbuka vizuri mno, labda kwa sababu taarifa za habari ni chache na wanazisikiliza mpaka mwisho.

Na mimi? Kura ni siri, lakini shajara ni yangu. Nilimpigia Magufuli urais, na kwa ubunge nikampa Wenje wa CHADEMA, kwa kuwa naishi Mabatini, jimbo la Nyamagana. Wenje ndiye aliyemwangusha Masha mwaka 2010, Masha akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, jambo ambalo Mwanza tulilisherehekea kama sikukuu. Mwaka huu Masha mwenyewe alihamia CHADEMA, kwa hiyo aliyeanguka na aliyemwangusha wakawa upande mmoja, na Wenje akaanguka kwa Stanslaus Mabula wa CCM. Kule Ilemela naye Kiwia wa CHADEMA ameanguka kwa Angelina Mabula wa CCM. (Usishangae. Ukiita Mabula hapa sokoni wanageuka watu sita.)

Sisi wa mseto, tuliogawa kura kwa vyama viwili, hatuna nyomi. Nikimweleza Kamanda, nimenunuliwa. Nikimweleza mama wa dagaa, sina msimamo. Lakini nina hakika tuko wengi, maana kwa siku hizi nimesikia watu wazima wakinong'ona mahesabu kama yangu huku wakisubiri meseji ya kuthibitisha muamala.

Kuna mahali lakini siwezi kuwaambia makamanda wanyamaze. Lowassa ameyakataa matokeo na kusema kwa hesabu zao amepata asilimia 62. Sawa, alete karatasi. Azipeleke wapi? Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama itakayouchunguza uchaguzi wake. Mbunge wa Nyamagana unaweza kumfungulia kesi. Diwani unaweza. Rais huwezi. Sasa mtu akisema ameibiwa kura milioni kadhaa tunamwambia alete ushahidi, na mlango wa kupokelea huo ushahidi tumeujenga kwa tofali. Mimi niliyempigia mshindi ndiye ningetaka zaidi ufunguliwe. Ushindi uliopita kwa jaji nisingehitaji kuutetea dirishani kila siku.

Na Zanzibar. Oktoba 28, siku moja kabla ya Lubuva kusoma, Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya kule, alifuta uchaguzi wa Zanzibar. Mzanzibari huyohuyo, siku ileile: kura yake ya Rais wa Muungano imehesabiwa, ya Rais wa Zanzibar imefutwa. Fundi cherehani aliuliza jambo hili kwa upole tu, kama mtu anayetaka kuelewa. Mama wa dagaa aliangalia magunia yake. Hakuna aliyemjibu, na mpaka leo sijasikia jibu lililonitosha.

Kwa kuwa hakuna pa kupeleka hasira, imekwenda kwenye simu. Watu wametumiana fomu za matokeo zilizobandikwa kwenye milango ya vituo, na kila mmoja anachagua mlango aliposhinda wake. Kamanda ana mlango wa shule iliyo karibu na kijiwe chao. Mpwa wa mama wa dagaa ana wa Magu. Wanaonyeshana, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Si unaona?" Wote wanaona. Magrupu mawili niliyokuwamo yamefutwa, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao imeanza kutumika Septemba na ma-admin wana watoto wa kusomesha.

Alhamisi hii Magufuli ameapishwa Uwanja wa Uhuru. Hapa wachache walisikiliza. Ilikuwa siku ya mzigo. Kilichobadilisha maongezi ni Ijumaa. Habari zilifika kwamba ametoka Ikulu kwa miguu, akaingia Wizara ya Fedha bila taarifa, akauliza wenye viti vitupu wako wapi. Jana kutwa nzima ni hiyo. Fundi cherehani aliigiza jinsi makarani walivyoruka, na alikuwa mtu wa UKAWA mpaka wiki iliyopita. Mama wa dagaa alikuja bila kitenge, tisheti ya kijani wazi, mgongoni Hapa Kazi Tu, kaulimbiu ya Magufuli. Kamanda aliposikia alinyonya meno. "Dada, hiyo ni nguvu ya soda," akasema. Halafu akakaa, akaomba arudiwe kusimuliwa sehemu ya viti.

Nilimuuliza kama mwaka 2020 atakwenda Bunda kupiga kura. Akasema atahamisha kadi. Nikamwambia aanze mapema, asingoje mashine zije tena na yeye yuko Pasiansi na abiria. Akasema, "Wewe dada kumbe ni wetu." Sikumjibu, nilikuwa nahesabu pesa za mteja.

Baba anakuja wiki ijayo kuangalia macho yake hospitalini, na atalala kwangu. Najua swali la kwanza. Nitamwambia ukweli, kwamba mtoto wa Chato nilimpa. Ya Wenje asipouliza sitaileta, maana ninamjua baba, atataka nimweleze mpaka usiku wa manane na asubuhi ana miadi.